Kukimbia kwa Kibali

Mwezi Oktoba 2019, katika mji wa Findlay, jimbo la Ohio nchini Marekani, msichana wa miaka 16 alishiriki mbio za nyika za shule za sekondari. Alikimbia kilomita 5 akiwa na hijabu ya michezo, kama alivyofanya katika mbio nyingine za msimu ule, na muda wake ulikuwa mzuri kuliko aliowahi kupata. Matokeo yalipobandikwa, jina lake halikuwamo. Aliambiwa kwamba ameondolewa kwa sababu ya kile alichovaa kichwani. Waamuzi walikuwa wamemweleza kocha jambo hilo kabla ya mbio kuanza, ila mwanafunzi mwenyewe hakuambiwa. Kanuni iliyomwondoa haikuutaja Uislamu kwa ubaya wowote. Ilisema tu kwamba mwanamichezo anayetaka kujifunika kichwa kwa sababu za dini lazima awe na kibali cha chama cha michezo ya shule cha jimbo. Kibali kikaombwa baada ya mkasa huo, kikatolewa, na wiki iliyofuata msichana yule akakimbia mbio za kanda akiwa na hijabu yake. Kitambaa hakikubadilika. Kilichoongezeka ni karatasi.

Tunapozungumzia ubaguzi wa kidini michezoni, fikra zetu hukimbilia kwenye marufuku: nchi fulani imekataza hijabu, shirikisho fulani limekataza kilemba. Marufuku ni jambo zito na nitalifikia. Lakini kwa mtoto wa shule, kizuizi anachokutana nacho mara nyingi zaidi ni hiki cha Ohio, yaani ruhusa inayopaswa kuombwa. Miaka miwili kabla yake, mwezi Machi 2017, mwanafunzi wa Maryland aliyekuwa amecheza mpira wa kikapu msimu mzima, mechi 24, bila mwamuzi yeyote kumuuliza kitu, aliwekwa benchi katika fainali ya kanda kwa kuwa timu haikuwa na barua ya kuthibitisha kwamba hijabu yake ni ya kidini. Naye pia alijua sababu baada ya mechi kwisha. Septemba 2020, mjini Nashville, jimbo la Tennessee, ikawa zamu ya msichana wa miaka 14 katika mpira wa wavu: mwamuzi alidai barua ya idhini, barua haikuwapo, timu ikaingia uwanjani bila yeye. Majimbo matatu, michezo mitatu, na kila mahali anayetafutiwa kosa ni mtoto huku kosa lenyewe likiwa ni faili lisilokamilika la watu wazima.

Hoja yangu ni kwamba utaratibu wa kuomba kibali ni ubaguzi wenyewe, hata pale ambapo kila kibali kinachoombwa hutolewa. Wapo watakaoshangaa. Kama ruhusa inapatikana, mtu ameonewa wapi? Ameonewa katika mgawanyo wa mzigo. Mwanafunzi asiyejifunika anafika uwanjani na viatu vyake na jezi yake, basi. Yule anayejifunika anafika na viatu, jezi na ushahidi wa imani yake, na ushahidi huo unategemea kumbukumbu ya kocha, wepesi wa ofisi ya chama, na hisia za mwamuzi wa siku hiyo. Maryland inatuonyesha jinsi jambo hili linavyokwenda kwa bahati: waamuzi wa mechi 24 hawakuona tatizo, aliyeliona alipangiwa siku ya fainali. Kanuni inayoweza kulala msimu mzima na kuamka siku ya kombe haimlindi mtu yeyote.

Kenya imewahi kulitazama swali hili kwa undani, ingawa si kwa habari ya michezo. Katika shule moja ya kutwa mjini Isiolo, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, wanafunzi wa Kiislamu walitaka kuongeza hijabu na suruali nyeupe juu ya sare. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa haki, na sehemu muhimu ya uamuzi ule ni maelezo yake kuhusu ubaguzi usio wa moja kwa moja: sheria inaweza kuwa moja kwa wote na bado ikamwangukia mmoja kwa uzito ambao wenzake hawausikii. Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo, lakini kwa sababu za utaratibu wa namna madai yalivyofikishwa mahakamani. Swali lenyewe, kama mwanafunzi ana haki ya kuvaa hijabu pamoja na sare, liliachwa bila jibu la mwisho. Kwa hiyo mwalimu wa Kenya anayesema mahakama imekataza hijabu shuleni anakosea, na anayesema imeruhusu anakosea vilevile. Hoja ya ubaguzi usio wa moja kwa moja, kwa maoni yangu, ina nguvu ileile iliyokuwa nayo kabla ya rufaa.

Sasa tuje kwenye pingamizi lenye uzito kuliko yote, nalo ni usalama. Mchezo una migongano. Kitambaa kinaweza kuvutwa, pini inaweza kuchoma, kitu kikianguka sakafuni mtu anaweza kuteleza. Hayo yote ni kweli, na hakuna mzazi wa Kiislamu, wa Kisingasinga wala wa Kiyahudi anayetaka mwanawe aumie. Ila kuna kesi ya zamani inayotufundisha namna ya kulifikiri jambo hili. Katika jimbo la Illinois, chama cha michezo ya shule kilikataza kofia zote katika mpira wa kikapu, na wavulana wa shule za Kiyahudi, ambao dini yao inawataka wafunike kichwa, wakaenda mahakamani. Vikofia vyao vidogo vilishikizwa kwa vibanio vya nywele na vilikuwa vikidondoka mchezo ukiendelea. Mwaka 1982 Jaji Richard Posner wa Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho hakuwapa wavulana ushindi waliotaka, wala hakukipa chama mamlaka kamili. Alisema hakuna amri ya dini inayotaka kibanio cha nywele. Dini inataka kichwa kifunikwe. Basi wanafunzi walete namna ya kujifunika isiyodondoka, na wakileta iliyo salama kweli, chama hakitakuwa na sababu ya kuikataa.

Nimeitaja kesi hiyo kwa sababu inatenganisha vitu viwili ambavyo kanuni za vibali huvichanganya. Hatari iko kwenye kibanio. Imani iko kwa mtu. Kanuni ya usalama iliyoandikwa vizuri hukagua kitu: kimebana au kinapepea, kina pini au hakina, kinafunika uso au la. Ukaguzi huo hufanywa pale pale kando ya uwanja, na mwamuzi anaufanya kila siku kwa kucha, hereni, mikufu na viatu vya njumu. Barua ya idhini haikagui chochote. Msichana mwenye barua na ushungi uliofungwa kwa pini tatu ni hatari kuliko asiye na barua aliyevaa hijabu ya michezo ya kuvuta kichwani. Ndiyo maana sioni namna ya kuitetea barua kwa jina la usalama.

Mashirikisho ya dunia yalichukua muda mrefu kufika hapo, na watoto ndio waliolipa gharama ya kuchelewa kwao. Februari 2007 msichana wa miaka 11 alitolewa uwanjani katika mashindano ya soka huko Laval, jimbo la Quebec, kwa kuvaa hijabu. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa mjini Amman kucheza na Jordan katika mechi ya kufuzu Olimpiki, na hofu iliyotajwa ilikuwa majeraha ya shingo. Hofu ile ilipotafutiwa ushahidi wa kitabibu, haukuonekana. Bodi inayotunga sheria za soka duniani iliruhusu majaribio mwaka 2012, ikahalalisha vitambaa vya kichwani rasmi Machi 2014, kwa masharti ambayo mwalimu yeyote wa michezo anaweza kuyafuata: rangi iendane na jezi, kitambaa kisiunganishwe na jezi, kisiwe na sehemu inayojitokeza nje, kisimhatarishe mvaaji wala mwingine. Ruhusa hiyo iliwahusu wanaume pia, kwani mwaka mmoja nyuma chama cha soka cha Quebec kilikuwa kimewakatalia vijana wa Kisingasinga kucheza na vilemba, hadi shirikisho la Kanada likakisimamisha. Mpira wa kikapu ulichelewa zaidi. Mwaka 2014 timu ya wanawake ya Qatar ilisusia mechi katika Michezo ya Asia mjini Incheon baada ya kukatazwa hijabu, na shirikisho la mchezo huo duniani, FIBA, likaondoa katazo lake mwaka 2017 tu. Katika kipindi hicho Bilqis Abdul-Qaadir, aliyeweka rekodi ya pointi katika shule za sekondari za Massachusetts kwa kupita pointi 3,000, alimaliza chuo na kukuta njia ya kucheza kulipwa Ulaya imefungwa na kanuni hiyo. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia la wanawake akiwa na hijabu, na mchezo uliendelea kama kawaida.

Pingamizi la pili halihusu usalama bali maana. Wapo wanaosema uwanja, kama darasa la umma, usiwe na alama ya dini yoyote, ili mtoto aonekane mwanafunzi na mchezaji na si mfuasi wa fulani. Ufaransa ndiyo inayoishikilia hoja hii kwa uthabiti. Sheria yake ya mwaka 2004 inakataza alama za wazi za dini kwa wanafunzi wa shule za umma. Katika soka, Baraza la Taifa la nchi hiyo, ambalo ndilo mahakama yake kuu ya utawala, liliamua Juni 2023 kwamba shirikisho la soka linaweza kukataza hijabu katika mechi, ingawa mshauri wa kisheria aliyetoa maoni mbele ya majaji alikuwa amependekeza kinyume. Mwaka uliofuata, wakati wa Olimpiki ya Paris, wanamichezo wa nchi nyingine walishindana na hijabu zao huku wa Ufaransa wenyewe wakikatazwa. Amnesty International iliangalia nchi 38 za Ulaya na kukuta Ufaransa peke yake ndiyo yenye makatazo ya aina hiyo, ama kwenye sheria ama kwenye kanuni za michezo.

Siwadharau Wafaransa kwa hili. Historia yao na kanisa ni ndefu na ina machungu yake, na kutofungamana na dini kwao kulianza kama ngao ya mwananchi mbele ya mamlaka ya mapadri. Tatizo ni kwamba wajibu wa kutokuwa na dini ni wa dola. Mwamuzi anawakilisha mamlaka, basi tumtake asiegemee upande. Msichana wa miaka 15 anayecheza beki ya kushoto haiwakilishi serikali. Kumtaka aonekane hana dini ni kuhamisha wajibu wa mwenye nguvu na kumtwisha asiye nayo. Na matokeo yake uwanjani yanajulikana: hawavui, wanaondoka. Kundi la wachezaji wa Kifaransa waliojiita Les Hijabeuses lilianzishwa kwa sababu hiyo hasa, na ndilo lililopeleka kesi mbele ya Baraza.

Yapo pia maneno yanayosemwa kwa sauti ya huruma: kwamba wengi wa wasichana hawa hawakuchagua, wazazi wamewachagulia, na kanuni kali ingewapa kisingizio cha kujivua. Nakubali kwamba shinikizo la nyumbani lipo. Lakini tuangalie linavyofanya kazi. Mzazi mkali akiambiwa kwamba mwanawe atacheza kichwa wazi au asicheze kabisa, anachagua la pili, na anayekaa nyumbani ni binti. Mahakama za Ulaya zimeliona hili kutoka upande usiotarajiwa. Mwaka 2013 mahakama kuu ya utawala ya Ujerumani ilimtaka mwanafunzi wa Kiislamu wa Frankfurt ahudhurie masomo ya kuogelea pamoja na wavulana, na Januari 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliafiki faini waliyotozwa wazazi wa Basel, Uswisi, waliokataa kuwapeleka binti zao kwenye masomo kama hayo. Kwa haraka, maamuzi hayo yanaonekana kuipinga dini. Ukisoma sababu zake, katika kesi zote mbili shule ilikuwa tayari kumruhusu mtoto kuvaa vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima. Kwa kuwa vazi lilikubaliwa, mzazi hakuwa tena na hoja ya kumzuia mtoto asijifunze. Anayetaka kumsaidia binti aliyebanwa nyumbani, basi, ampe vazi linaloondoa sababu ya mzazi kukataa. Ibtihaj Muhammad, aliyeshinda nishani ya shaba ya timu katika mchezo wa vitara kwenye Olimpiki ya Rio 2016, aliingia katika mchezo huo tangu akiwa shule kwa sababu sare yake inafunika mwili wote tayari. Familia yake ilikuwa ikitafuta mchezo wa aina hiyo. Michezo mingapi mingine ingempata mtu kama yeye kama sare isingekuwa ukuta?

Kuna wanaoogopa kwamba ukifungua mlango kwa mmoja, wote watadai, na sare itakwisha. Binafsi hofu hii hainitishi. Kwanza, mipaka ya usalama na ya mchezo inabaki palepale. Pili, wanaonufaika na kanuni iliyolegea si watu wa dini peke yao. Mwaka 2021 timu ya wanawake ya Norway ilitozwa faini katika mpira wa mikono wa ufukweni kwa kuvaa bukta badala ya vichupi vilivyoagizwa na kanuni, na baada ya makelele ya dunia nzima shirikisho la mchezo huo lilibadilisha kanuni hiyo mwaka huohuo. Wanorway wale hawakuwa na hoja ya dini. Walitaka kucheza bila kukodolewa macho. Kwetu pia wapo wasichana Wakristo ambao madhehebu yao hayawaruhusu kuvaa bukta, na wapo wasio na katazo lolote la dini ambao katika umri wa miaka 13 au 14 wanaona haya tu. Kanuni inayosema sketi ya netiboli inaweza kuvaliwa na suruali ya kubana chini yake inawatosha wote hao, wala haihitaji mtu kueleza anaabudu wapi.

Afrika Mashariki tuna sababu ya kulifikiria hili mapema, kwa utulivu, kabla ya mkasa kutulazimisha. Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa dini katika ibara ya 19 na inakataza ubaguzi katika ibara ya 13. Ya Kenya inafanya hivyo katika ibara za 32 na 27. Watoto wa Pwani, Visiwani, Kaskazini Mashariki ya Kenya na bara hukutana katika mashindano yaleyale, iwe UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huku Tanzania, au michezo ya shule za sekondari Kenya. Msichana anayecheza na mtandio nyumbani Pemba bila mtu kumtazama mara mbili anaweza kukutana na mwamuzi wa mkoa mwingine ambaye hajawahi kuliona jambo hilo. Kanuni isiyosema kitu inamwachia mwamuzi huyo aamue, na atakavyoamua hakuna ajuaye.

Uzoefu wa kutafuta suluhisho tunao hapahapa. Kijijini Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea kupitia mradi wa Panje wakiwa na mavazi yanayowafunika mwili mzima, katika kisiwa ambacho bahari iko mlangoni na kujua kuogelea ni suala la uhai. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, wasichana wa Kisomali walishirikishwa kubuni sare za voliboli zenye staha, kazi iliyofanywa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi pamoja na kampuni ya Nike. Kilichofanyika kote huko ni kitu cha akili ya kawaida: wahusika waliulizwa kwanza wanaweza kuchezea nini, kitambaa kikakatwa baadaye. Na haki hii ina pande mbili. Shule inayomlazimisha mchezaji asiyejifunika kuvaa mtandio ili timu ifanane inafanya kosa lilelile la Ohio kwa mkono mwingine.

Marekani kwenyewe walijifunza. Shirikisho linaloandika kanuni za michezo ya sekondari nchini humo liliondoa sharti la idhini kwa vitambaa vya kidini kuanzia mwaka 2021, mpira wa wavu ukiwa miongoni mwa michezo ya mwanzo. Illinois ilipitisha sheria mwaka huo, Maryland na Ohio zikafuata mwaka 2022. Sheria ya Ohio inastahili kusomwa na kila anayeandika kanuni, kwa kuwa imeugeuza mzigo: mwanafunzi haombi tena kitu, mwamuzi ndiye anayepaswa kuonyesha hatari halisi, na akiionyesha, lazima itafutwe njia ya mwanafunzi kucheza kwa usalama.

Naziomba kamati zinazosimamia michezo ya shule Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya ziandike jambo hilohilo kwenye kanuni zao kabla ya msimu ujao: kwamba mavazi ya staha na ya dini yanaruhusiwa bila maombi ya awali, mradi yabane, yasiwe na pini wala kitu kigumu, na yasifunike uso, kwamba mwamuzi anayeona hatari aseme kabla ya mchezo, amwambie mwanafunzi mwenyewe pamoja na kocha wake, na ampe nafasi ya kurekebisha, na kwamba matokeo ya mtoto yasifutwe kwa sababu ya vazi ambalo hakuna aliyelipinga kabla hajaanza kukimbia.